Soya ya mtoto na povu linalodanganya

Bibi wa Kliniki anajibu barua zenu

Mwezi huu mfuko wa barua umenishangaza. Nimezoea kuulizwa kitovu kisichokauka, mtoto asiyelala, meno yanayochelewa. Safari hii barua nne, mbili za Pemba na mbili za Unguja, zote zinauliza smuthi ya soya. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Pemba kwa miaka 31, na soya niliyokuwa nikiulizwa ni ile inayosagwa pamoja na mahindi kwenye unga wa lishe. Sasa imetoka kwenye uji, imeingia kwenye blenda na ndizi. Haya, tuanze na barua ndefu, maana ndiyo yenye kazi.

*Assalaam alaykum bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete. Mwanangu wa kike ana miezi 10. Nimerudi kazini na mchana maziwa yangu hayamtoshi. Nilimjaribu maziwa ya ng'ombe mara mbili, mara zote akatoka mabaka mwilini na kutapika. Jirani yangu anampa mwanawe smuthi ya soya na ndizi, na mtoto kanawiri, mashaallah. Mavyaa wangu hataki hata kuisikia, anasema soya ni chakula cha kuku. Je, niache maziwa nimpe soya? Na inatengenezwa vipi? — Mwalimu, Wete*

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Mavyaa wako hakukosea: mashudu ya soya ni chakula cha kuku kweli. Lakini kuku huyo huyo akiwekwa mezani siku ya Idi hakuna anayemkataa. Mwambie hivyo kwa adabu, wala usimwambie nimesema mie.

Hapo uliposema "niache maziwa nimpe soya" ndipo niliposhika kalamu. Soya usiipe kazi ya maziwa. Soya unayoisaga nyumbani ni chakula, kama kunde au choroko, na ni chakula kizuri: katika gramu 100 za soya kavu mna protini gramu 36 hivi na mafuta gramu 20 hivi, wakati ndizi peke yake protini yake ni gramu 1 tu. Lakini kalsiamu yake, ukishaisaga na maji, haifiki hata theluthi ya ile ya maziwa ya ng'ombe, na vitamini B12 haimo kabisa. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika habari za watoto wawili ambao wazee wao waliwafanyia vinywaji vya mimea ndiyo maziwa. Mmoja alinyweshwa kinywaji cha mchele, akapata unyafuzi, ule wa kuvimba miguu. Mwengine alinyweshwa kinywaji cha soya, akapata ugonjwa wa mifupa laini, huu wa matege. Wazee wenyewe si mafukara wala si wazembe. Walidhani kila cheupe kinachomiminika ni maziwa.

Yapo pia maziwa ya unga ya soya yaliyotengenezwa maalumu kwa watoto wachanga, yanauzwa kwenye maduka ya dawa. Hayo ni kitu chengine. Yametiwa chuma, kalsiamu na vitamini kwa vipimo, na huanzishwa kwa ushauri wa daktari. Boksi la soya la kunywa linalokaa rafu moja na juisi si hayo, hata kama picha ya mtoto imechorwa. Ukinunua boksi hilo kwa ajili ya kuchanganyia matunda, tafuta lililoandikwa kuwa limeongezwa kalsiamu na halikutiwa sukari. Maandishi yakikushinda mpe mwenye duka akusomee. Asipojua naye, liache hapo hapo.

Kwa hiyo wewe endelea kunyonyesha. Asubuhi kabla hujavaa baibui, ukirudi, na usiku kucha akitaka. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka miaka 2 na zaidi, na Qur'ani ilishatutajia miaka miwili kamili kabla ya shirika lolote kuzaliwa. Ya mchana kamua usiku au alfajiri. Nje ya friji, kwa joto letu hili la Pemba, usiyaache zaidi ya saa 4. Ndani ya friji yanakaa mpaka siku 4. Anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe. Mtoto wa miezi 10 anakunywa kikombe vizuri sana, akimwaga kidogo ni haki yake.

Sasa hayo mabaka na kutapika. Hapa naomba unisikilize kwa masikio yote mawili. Mtoto aliyetoka mabaka na kutapika kwa maziwa ya ng'ombe mara mbili, huenda ana mzio wa maziwa hayo. Usimjaribu mara ya tatu. Mpeleke kwa daktari kabla hujaroweka hata punje moja ya soya, kwa sababu katika watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, mmoja katika kila 10 hivi huikataa soya pia, na wale ambao mzio wao unaonekana tumboni zaidi huikataa kwa wingi kuliko hao. Daktari akikuruhusu, anza na kijiko kimoja cha chai, asubuhi, siku ambayo huendi skuli. Usimpe kwa mara ya kwanza usiku, ukalala. Ngoja siku 3 hivi bila ya kumuingizia chakula kipya chengine, ndipo uongeze. Ukiona midomo inavimba, anakohoa ghafla, anapumua kwa shida au analegea, usitafute mafuta ya habasoda wala usinitumie mie ujumbe. Beba mtoto, nenda hospitali.

Tuje kwenye jikoni. Nikuhadithie la kwangu kwanza.

Nilipostaafu, binti yangu aliniachia mjukuu wa miezi 11, nikasema hii soya nami niijue. Nikaroweka, nikatoa maganda, nikaanza kusaga punje mbichi. Katikati ya kusaga umeme ukakatika, nusu iliyobaki nikaimalizia kwenye kinu huku bega linaniuma. Kitambaa cha kuchujia sikukiona, nikachukua kifumbu changu cha nazi, nikakamulia humo kama ninayekamua tui. Nikaweka sufuria jikoni. Dakika tatu hazijafika, povu limepanda mpaka mdomoni, jeupe, zito, linamwagikia moto. Nikasema tayari, imechemka. Nikaepua, nikatia ndizi, nikampa kikombe kizima kwa vile nilimuona anakipenda. Usiku ule sikulala mie wala yeye. Tumbo limejaa kama ngoma, na asubuhi nilianika nguo sita.

Muuguzi wa miaka 31 nimedanganywa na povu! Soya ina kitu kinachotoa povu kama sabuni, na povu hilo hupanda mapema, maji yenyewe yakiwa kwenye nyuzi 80 na kitu, hayajatokota. Wewe unaona linamwagika, unazima moto, na soya bado mbichi. Soya mbichi ina kizuizi kinachokifunga kile kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini. Kizuizi hicho huharibiwa na moto, na moto wa dakika tatu haukitoshi. Na kile kifumbu! Tui la jana linabaki ndani ya zile nyuzi, linachacha, na kifumbu hakisuguliki kikatakata. Kwa nazi ya wali, sawa, maana inakwenda kuchemka. Kwa kikombe cha mtoto, hapana.

Siku hizi nafanya hivi. Kikombe kimoja cha soya kavu nakichambua, natoa vijiwe na punje zilizokunjamana au zenye ukungu. Saa 2 za usiku naroweka kwenye maji mengi, maana punje zitavimba zaidi ya mara mbili. Ukitia maji kidogo asubuhi unakuta za juu kavu. Saa 12 asubuhi namwaga maji yale, nazisugua punje kwa viganja, maganda yanaelea nayamwaga. Nazichemsha kwenye maji mapya. Povu likipanda napunguza moto, naliengua kwa upawa, naendelea. Inachukua saa moja na nusu hivi, jiko la makaa au la gesi. Naitoa punje moja, naibana baina ya kidole gumba na cha shahada: ikipondeka yote bila ya kiini kigumu katikati, imeiva. Ikiniteleza tu, bado. Hapo ndipo nasaga, ikiwa ya moto, pamoja na vikombe vitatu vya maji ya moto yaliyochemshwa. Kusaga ya moto kunaondoa ile harufu ya majani mabichi inayowafanya watoto wakunje nyuso. Nachuja kwa kitambaa cha pamba nilichokichemsha, nairudisha motoni dakika 10 nikikoroga chini isishike, na kazi imekwisha. Friji siku 2, si zaidi. Nyengine naimimina kwenye vile visahani vya barafu, nikitaka natoa vipande viwili vitatu nikavipashe.

Kwa mtoto wako kipimo kiwe hivi: vijiko vinne vya chakula vya soya hiyo, nusu ndizi ya kisukari iliyoiva mpaka ganda lina madoa, na kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja chake yeye, si chako. Embe boribo likiwa msimu, tia badala ya papai. Pera pia, lakini lichuje mbegu. Matunda hayo usidhani ni ya utamu tu. Soya ina chuma, ila ina na kitu kinachokishika chuma hicho kisiingie mwilini kirahisi, na vitamini C ya papai, embe, pera au chungwa ndiyo inayokifungua. Parachichi, ambalo wazee wetu huku wengine waliliita embe mafuta, linamuongezea mafuta mazuri. Kijiko cha tui zito kilichochemshwa nacho hakidhuru.

Sukari usitie, wala chumvi. Asali usimpe kabisa mpaka atimize mwaka, hata ya kulamba, hata ya nyuki wa kwenu Ngezi. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, na kwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Iwe nzito, ya kulisha kwa kijiko. Ikiteremka kwenye kijiko kama maji umetia maji mno, unamjaza bila ya kumlisha. Na iwe kitafunio cha baina ya milo. Umri wake huo anahitaji milo 3 hadi 4 kwa siku, kila mlo nusu kikombe kile cha mililita 250: uji uliotiwa dagaa wa kusagwa, viazi vitamu na samaki uliyemchambua miba, wali laini na mchuzi wa choroko, boga. Kuhusu yai, muulize daktari siku hiyo hiyo mnapozungumza mzio. Na soya ikikataliwa, huna hasara. Kunde na choroko ziko Wete hapo sokoni, hazikupanda meli kutoka Songea.

*Bibi, shikamoo. Kijana wetu ana mwaka mmoja na nusu, mama yake anampa soya karibu kila siku. Barazani wananiambia soya ina homoni za kike, mtoto wa kiume atakuja kuota matiti. Nimkataze? — Baba, Mkoani*

Marahaba baba. Hilo baraza lenu lina bao au lina maabara?

Kinachosemwa kina chanzo. Soya ina vitu vinavyoitwa isoflavoni, na umbo lake linafanana na homoni ya kike. Kufanana kwake ni kama ufunguo wa kabati la jirani: unaingia kwenye tundu, haufungui kitu cha maana. Nguvu yake ni ndogo sana ukiilinganisha na homoni yenyewe. Kule Marekani wapo watoto wengi waliolelewa tangu uchanga kwa maziwa ya unga ya soya, wakinywa hayo tu mchana na usiku, jambo ambalo kijana wako halifanyi. Mwaka huo huo 2001 nilioutaja juu, ulichapishwa utafiti uliowatafuta watu wazima 811 wa miaka 20 hadi 34, ambao 248 kati yao walinyweshwa soya walipokuwa wachanga, waliobaki maziwa ya ng'ombe. Wanaume wa soya hawakuonekana na tofauti na wenzao, si kimo wala uzazi. Wanawake wa soya walisema hedhi zao ni ndefu kidogo, kwa chini ya nusu siku.

Kikombe chake kimoja kidogo kwa siku muachie. Ila kama mtoto anatumia dawa ya tezi ya shingo, hapo mwambie daktari kuwa anakula soya, kwa sababu inapunguza dawa isiingie mwilini. Saa za kumpa zitapangwa. Na badala ya kukataza, shika wewe hiyo zamu ya kusugua maganda alfajiri. Utakuwa na la kuzungumza barazani.

*Assalaam alaykum. Mwanangu ana miezi 22. Nilimzoesha smuthi ya soya, ndizi na tende kwenye chupa. Sasa hataki chengine. Anatembea na chupa, analala nayo, ikimalizika analia mpaka nisage tena. Ugali hataki, samaki anatema. Pembeni anakunywa chai kidogo na sisi. Karibuni nimemuona anakula udongo wa ukutani. Halafu kuna mtu kaniambia nimuongezee unga wa mwani, ni kweli una faida? — Mama, Jambiani*

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya huo udongo. Mtoto anayekula udongo, akiwa na viganja na ndani ya kope vimepauka, mara nyingi damu yake imepungua. Wiki hii mpeleke kituo cha afya apimwe damu, na choo kipimwe minyoo. Mengine nitakayokwambia hayangojei majibu, lakini kipimo hicho kwanza.

Unajua nini kimetokea? Umefanya kazi nzuri mno. Kinywaji kitamu, kinateremka bila ya kutafunwa, kipo saa zote. Nani ataacha hicho akapambane na mwiba wa changu? Tumbo lake ni dogo, likishajaa soya halina nafasi ya samaki, na samaki, maini na dagaa ndio wenye chuma ambacho mwili unakipokea kirahisi. Soya peke yake haimtoshi. Na chai mliyomzoesha inakizuia hata hicho kidogo kilichomo. Chai iondoke leo. Hata ya rangi, hata ile ya maziwa yenye iliki inayonukia mpaka nje. Tena miezi 22, chai ya nini?

Chupa nayo iondoke. Najua utalia pamoja naye. Tende na ndizi zikilala mdomoni usiku kucha na chupa, yale meno manne ya mbele ya juu ndiyo yanayoanza kuoza, utayaona yana mstari mweupe karibu na ufizi, kisha kahawia. Nimewaona watoto wa miaka 3 wamebakiwa na vigutu. Nilipokuwa kliniki nikiwaambia kina mama waifiche, wanaificha juu ya kabati, mtoto anaiona, vita vinaanza upya. Wewe itoe nje ya nyumba kabisa, mpe hata wifi yako akakae nayo. Usiku wa kwanza ni mbaya. Wa pili mbaya zaidi kidogo. Wengi wao usiku wa nne wamekwishachoka.

Smuthi usiikate, ipangie saa. Kikombe kimoja kidogo, alaasiri, akiwa amekaa, baada ya kula cha mchana. Kila siku ipunguze kusagwa: leo acha vipande vidogo vya ndizi, kesho vikubwa, mpaka meno yake yakumbuke kazi. Tende mbili zinatosha utamu, na ziwe zimerowekwa na kutolewa kokwa kwa mkono wako. Usiiamini blenda kukutafutia kokwa. Kwenye sahani muwekee samaki kidogo aliyechambuliwa, kwenye mchuzi wa nazi, kando ya ugali mlaini au ndizi ya kupika, muache ashike kwa mikono. Akitema, usimkamate taya. Kesho tena.

Mwani: najua nyinyi Jambiani ndio wenyewe, na mikono ya mama zetu imekatwakatwa na kamba za mwani kwa miaka. Lakini una chumvi, na una madini joto kwa kiasi ambacho huwezi kukipima kwa kijiko jikoni. Kikombe cha mtoto wa umri huu usikitie.

*Bibi, hujambo. Mie nauza juisi na smuthi Mwanakwerekwe. Kina mama wananiuliza smuthi ya mtoto. Nataka nianzishe: maziwa, ndizi, unga wa soya vijiko viwili, karanga, asali, barafu, juu nanyunyiza kungumanga. Unaonaje, na inakaa muda gani? — Mfanyabiashara, Unguja*

Sijambo mwanangu, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuuza. Hiyo uliyoiandika ni nzuri kwa baba wa mtoto.

Unga wa soya unaouzwa kwa kupimwa mara nyingi umesagwa kutoka punje mbichi, na ukiutia kwenye blenda unabaki mbichi vile vile. Soma jibu la Mwalimu wa Wete uone lililonipata. Hata ule uliokaangwa ukawa na rangi ya kahawa, mie kwa mtoto naupika kwanza kama uji mzito dakika 15, ukapoa ndipo ukatiwa. Asali nimeshaisema: mwenye mtoto wa chini ya mwaka asiuziwe. Karanga zisiwe nzima wala vipande kwa mtoto wa chini ya miaka 5, anaweza kukabwa. Ziwe zimesagwa laini kabisa, na muuzaji wako umjue anazihifadhi wapi. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu kule Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuiondoi. Kwa kila mama anayekuja muulize kwanza kama mtoto wake ameshawahi kula karanga, maziwa na soya, kila kimoja peke yake. Asiyewahi, asianzie kwenye kibanda chako.

Kungumanga ndiyo iliyonifanya niweke barua chini. Najua inavyonukia vizuri. Lakini wapo wanaoikunia kwenye uji wa mtoto makusudi ili alale, na ikizidi ni sumu kwa mtu mzima, sembuse mwenye kilo 9. Tumia iliki, punje moja iliyotwangwa, inatosha jagi zima.

Barafu, mwanangu, inatokana na maji gani? Kipindupindu si hadithi kwetu visiwani, tumekiona kikija na mvua za masika mara ngapi, na kuganda hakuui vijidudu vyake. Ama ugandishe maji uliyoyachemsha wewe mwenyewe, ama ugandishe vipande vya ndizi, ukisaga vinatoa baridi na uzito pamoja, na barafu huihitaji. Mie ndizi ya kugandishwa ndiyo naipendelea, nzito kama malai. Blenda iliyotoka kusaga juisi ya mtu mwengine ioshwe na visu vyake vifunguliwe. Chini ya ile raba ya kuzuia maji fungua leo uangalie, halafu uniandikie ulichokikuta.

Kukaa: isage mteja akiwa amesimama. Ikikaa mezani zaidi ya saa 2 imwage, na kwa jua la Mwanakwerekwe mchana mie ningeimwaga baada ya saa 1. Uza vikombe vidogo, mililita 100, ukimpa mtoto wa mwaka mmoja bilauri ya nusu lita mama yake atailazimisha imalizike kwa kuwa ameshailipia. Bei panga mwenyewe, hiyo haikuwahi kuwa kazi ya kliniki.